Swali kwa Fundi: Breki Mpya kwenye Pneu Kipara

SWALI

Papa Fundi, jambo yako. Mimi ni mama wa biashara, ninakaa Muhumba. Nina Prado ya mwaka 1998, ya mazutu, haina ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasifunge). Niliiinua springi na kuivalisha pneu kubwa kwa ajili ya mashimo ya barabara ya Uvira. Safari iliyopita tuliteremka mlima wa Ngomo na abiria watano na magunia manne ya maharagwe. Katikati ya mteremko pedali ya breki ikazama mpaka chini. Shofere akatia gia ya kwanza, akavuta breki ya mkono, akaisugua gari kwenye ukingo wa mlima hadi ikasimama. Tulikaa pale karibu saa nzima, wengine wakiimba nyimbo za kanisani. Tulipofika Kamanyola pedali ilikuwa imerudi juu, na fundi wa pale alilala chini ya gari akainuka akasema haoni kitu.

Sasa kuna muuzaji hapa mjini ana breki kubwa: diski zenye matundu, etrie (vibanio vya diski) nyekundu, dola 650 bila kazi ya kufunga. Anasema gari itasimama kwa nusu ya umbali wa sasa. Shofere anasema ninunue. Mwanangu anayesoma Lubumbashi anasema ni uongo. Nani ana haki?

*Mama wa Prado, Bukavu*

JIBU

Mama, jambo sana, na pole kwa hofu mliyoipata. Kwanza mtafutie huyo shofere zawadi. Nimewajua watu waliofika pale pale wakakanyaga pedali iliyokufa mara kumi, gia wakaisahau kabisa.

Kuhusu haki: mwanao anayo, shofere ana nusu yake. Muuzaji nitamfikia.

Wenzetu wa Goma wanalijua jambo hili kwa miguu yao. Msukuma chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili, anapoteremka na viazi, breki yake ni kipande cha mpira wa gari juu ya gurudumu la nyuma, anakikanyaga. Akikanyaga sana gurudumu linaacha kuzunguka, na chukudu inaendelea kuteleza juu ya changarawe ya volkeno na viazi vyake vyote. Hapo anaweza kumwita na kaka yake waje wakanyage wawili. Gurudumu limeshasimama, nguvu ya miguu minne itafanya nini zaidi?

Prado yako ni hivyo hivyo. Breki kazi yake ni kulizuia gurudumu. Gari yenyewe inashikwa na barabara, na inapogusana na barabara ni pale tu kwenye vipande vinne vya mpira, kila kimoja kama upana wa kiganja au viwili. Kama breki ulizo nazo zina nguvu ya kuyafunga magurudumu yote manne, basi kwa kusimama mara moja, breki kubwa zaidi haziongezi kitu. Mwisho wa nguvu umeshafika, na mwisho huo uko kwenye pneu.

Nikupe hesabu kidogo, mwanao ataihakiki. Gari yenye pneu nzuri kwenye lami kavu, ikiwa kilomita 60 kwa saa, inahitaji mita kama 18 kusimama tangu breki ziliposhika. Siku ya mvua ya kwanza, vumbi likishageuka utelezi na mshiko ukapungua nusu, ni mita 35 kwa breki zile zile. Na kabla ya hapo kuna sekunde moja ya shofere kuona mbuzi, kuelewa kwamba ni mbuzi, na kuhamisha mguu. Katika sekunde hiyo gari imekula mita karibu 17. Etrie iwe nyekundu, iwe ya dhahabu, sekunde hiyo haiigusi. Mwendo nao ni mjanja: ukitoka kilomita 40 hadi 80, umbali wa kusimama hauwi mara mbili, unakuwa mara nne, kutoka mita kama 8 hadi mita kama 32.

Sisemi haya kwa kumcheka mtu. Miaka kadhaa iliyopita nami niliziamini breki kubwa. Nilikuwa na RAV4, nikapata diski pana za okazio na etrie zake, nikatoa dola 300. Kabla ya kufunga nilimchukua mwanafunzi wangu wa garaji, tukaenda Jumapili alfajiri kwenye kipande cha lami upande wa Kavumu, maana hapa Bukavu kupata mita mia mbili zilizonyooka na tambarare ni kama kutafuta kisima juu ya paa. Tukapiga mstari wa chokaa. Kilomita 60, kanyaga kwenye mstari, pima. Mara nne. Wastani mita 23. Wiki mbili baadaye, breki mpya zimefungwa, mahali pale pale, chokaa ile ile: mita 23, 23, 22, na 23 tena.

Mwanafunzi wangu alikuwa na adabu, alikaa kimya. Mimi ndiye niliyeanza kutazama pneu. Ubavuni mwa kila pneu kuna kiduara kirefu chenye tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka pneu ilipotengenezwa. Zangu zilikuwa na miaka tisa. Maua ya pneu yalikuwa bado marefu, ndiyo maana sikuwahi kuzishuku, lakini mpira umekauka, ukiupiga kucha unalia kama plastiki. Nikavalisha nyingine nne za kawaida kabisa, zisizo na sifa yoyote. Tukarudi Kavumu. Mita 19.

Kwa hiyo dola 300 zilininunulia pedali tamu na aibu kidogo. Pedali tamu ndiyo inayowadanganya wengi: breki inayouma mapema chini ya mguu unaihisi kama breki inayosimamisha mapema. Mguu hauna mita ya kupimia. Shofere wako akiendesha gari yenye breki kubwa atakuapia kwamba inasimama vizuri zaidi, na hatakuwa anasema uongo, anasema alichohisi.

Jaribio la kwako ni rahisi. Tafuta mahali wazi pasipo watu, gari ikiwa na mzigo wake wa kawaida, kilomita 40 kwa saa, shofere akanyage kwa nguvu zake zote. Magurudumu yakifunga na pneu zikalia, breki zako zina nguvu kuliko pneu zinavyoweza kutumia. Kwa mwenye ABS, ataisikia pedali ikitetemeka mguuni, maana ni ile ile. Lakini kama anakanyaga hadi anainuka kwenye kiti na magurudumu bado yanazunguka, hapo kuna udhaifu wa kweli, na udhaifu huo tutautafuta kwanza kwenye vitu vilivyochakaa kabla ya kuutafuta dukani.

Sasa Ngomo. Mama, kilichokupata Ngomo hakihusiani na umbali wa kusimama. Hilo ni jambo la joto.

Mimi nilianza kazi hii kama konvoyeri, msaidizi wa shofere kwenye lori, kabla sijashika spana. Kazi yangu ilikuwa kuruka chini na kale ya mti kila gari ilipositasita mlimani, niiweke nyuma ya gurudumu. Katika kuteremka nilikuwa nakaa nyuma na kale yangu mapajani, nikinusa. Harufu ya breki ikianza kunifikia nilikuwa nagonga bodi mara tatu, mzee aliyekuwa akiendesha anasimama, tunakaa, anavuta sigara mbili. Hakuwa na kipimajoto, alikuwa na pua yangu na sigara zake, na hatukuanguka hata siku moja.

Fikiri hivi. Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, Ziwa Tanganyika karibu mita 770. Kutoka ziwa hadi ziwa unashuka mita kama 690, tena sijahesabu jinsi barabara inavyopanda kwanza kabla haijakutupa bondeni. Gari ya tani mbili na nusu ikishuka kiasi hicho inaachia joto la kutosha kuchemsha bidoni mbili na nusu za maji, zile za lita 20. Au ukitaka kwa lugha ya breki: ni kama kuisimamisha gari kutoka kilomita 80 kwa saa mara 27, mfululizo, bila kuipumzisha. Sehemu ya joto hilo inachukuliwa na upepo na barabara, na sehemu kubwa inaweza kuchukuliwa na injini ukiwa kwenye gia ndogo. Ukiteremka kwenye gia ya nne huku mguu unaelea juu ya breki, karibu lote linaingia kwenye vyuma vyako vinne.

Chuma kinapopata moto namna hiyo, mambo mawili yanaweza kutokea, na hayafanani. La kwanza, plaketi zenyewe, vile vipande vinavyobana diski, zinaungua na kupoteza mshiko. Hapo pedali inabaki ngumu, iko juu, unakanyaga na gari haijali. La pili, joto linapita kwenye etrie hadi kwenye likidi ya breki, likidi inachemka, inatoa mvuke. Likidi haibanwi, mvuke unabanwa kama puto. Unakanyaga, unabana puto, pedali inafika chini. Gari ikikaa ikapoa, mvuke unarudi kuwa likidi na pedali inarudi juu kana kwamba hakuna kilichotokea. Ndiyo maana fundi wa Kamanyola hakuona kitu: alikuwa anamtafuta mwizi aliyekwishatoka nyumbani.

Barua yako inasema pedali ilizama, kisha ikarudi. Nitakuuliza swali moja: likidi ya breki ilibadilishwa lini? Nadhani jibu ni kwamba huwa inaongezwa tu ikipungua. Hiyo likidi inakunywa maji kutoka hewani, polepole, hata kupitia mabomba ya mpira, na hapa kwetu hewa haikosi unyevu. Likidi ya daraja la DOT 3 ikiwa mpya kabisa inapaswa kuvumilia hadi nyuzi 205 kabla ya kuchemka. Ikishakunywa maji, kiwango kinachodaiwa ni nyuzi 140 tu. DOT 4 ni 230 ikiwa mpya na 155 ikiwa imelowa. Na kwenye mwinuko wetu vitu vyote vinachemka mapema kidogo, hata maji ya chai hapa yanachemka kwenye nyuzi kama 95. Diski za mbele zilizoshinda Ngomo nusu saa zinapita nyuzi 140 bila jasho.

Itoe yote, utie DOT 4 ya chupa iliyofungwa, hewa itolewe kuanzia gurudumu lililo mbali zaidi na pampu kubwa, ile inayosukumwa na pedali. Kisha kila baada ya miaka miwili. Usikubali kumaliziwa chupa iliyokaa wazi kwenye rafu ya garaji tangu Pasaka, hata kama ni ya bure. Na mwambie fundi akague pia pampu kubwa yenyewe: injini ikiwa inawaka, gari imesimama na imepoa, ukanyage pedali kwa utulivu dakika nzima. Ikizama polepole chini ya mguu, raba za ndani zimekwisha, na hilo si joto tena.

Breki kubwa zingesaidia hapo? Zingesaidia, ndiyo. Diski nene na pana inameza joto zaidi kabla ya kuungua na inapoa haraka zaidi. Hiyo ndiyo faida yake ya kweli, kusimama mara ya ishirini kama mara ya kwanza. Muuzaji wako alikuwa na hoja nzuri mkononi, akaiacha, akaokota mbovu. Lakini breki kubwa juu ya likidi ya zamani zingekusogezea tu mahali pa ajali kilomita tatu mbele.

Kuna jambo jingine kwenye barua yako lililonifanya niweke kalamu chini: uliinua springi. Prado nyingi za miaka ile zina kivali kidogo karibu na ekseli ya nyuma, kimeunganishwa na kijiti cha chuma. Gari ikibeba mzigo mkia unashuka, kijiti kinasukumwa, kivali kinayapa magurudumu ya nyuma nguvu zaidi ya breki. Gari ikiwa tupu mkia unainuka, kivali kinapunguza, ili nyuma isifunge kabla ya mbele na kukuzungusha barabarani. Ukiinua springi bila kurekebisha kijiti hicho, kivali kinadhani gari ni tupu siku zote. Una magunia manne nyuma, na breki za nyuma zinafanya kazi kama vile umebeba mkoba wako tu. Kazi yote inatupiwa diski za mbele. Ndizo zilizochemsha likidi yako, ningeweka dau. Dawa yake ni kipande cha bati nene chenye matundu mawili cha kuinua shina la kijiti kwa kiasi kile kile ulichoinua springi. Nimeshakitengeneza kwa bamba la mlango wa zamani. Angalia pia kama kijiti bado kipo, maana wengine hukikata kikianza kugonga.

Pneu kubwa nazo zinachukua chao. Gurudumu likiwa refu, barabara inapata mkono mrefu wa kuizidi nguvu breki. Hapa ndipo ninapompa shofere nusu ya haki yake: mwenye pneu kubwa zaidi ya zile za kiwandani, mzigo mzito na milima kila wiki, ni katika watu wachache ambao breki kubwa zina maana kwao. Rudi kwanza kwenye ukubwa wa pneu wa kiwandani, au karibu nao, ndipo tuhesabu upya.

Na hizo za dola 650, hata ukizitaka, uliza maswali. Diski inaingia ndani ya rimu zako? Matundu yanapendeza, lakini diski ya bei rahisi iliyotobolewa hupasuka nyufa kutoka tundu hadi tundu ikipata moto na kupoa, moto na kupoa. Mimi kwa gari ya mzigo nachukua diski isiyo na tundu. Etrie zina pistoni kubwa kuliko za zamani? Basi pampu kubwa yako italazimika kusukuma likidi nyingi zaidi, na pedali itashuka zaidi kabla ya kushika. Na ukiongeza nguvu mbele peke yake, magurudumu ya mbele yatafunga mapema huku ya nyuma yakitalii, na gari iliyofunga mbele haikati kona hata ukizungusha usukani mpaka mwisho.

Kama pesa hizo zingekuwa zangu: likidi yote mpya, mabomba ya mpira kama ni yale yale ya mwaka 1998, plaketi nzuri za mbele, diski zipimwe unene na kubadilishwa zikiwa chini ya kipimo kilichogongwa pembeni mwake, nyuma pafunguliwe pakaguliwe, kijiti cha kivali kirekebishwe. Vyote hivyo havifiki nusu ya 650. Kinachobaki anza nacho akiba ya pneu.

Shofere umwambie gia aliyopandia mlima ndiyo gia ya kuuteremkia, na breki akanyage kwa nguvu kisha aachie kabisa, asiibembeleze njia nzima. Na pale chini mkifika, vijana wakija na ndoo za maji kumwagia magurudumu yanayotoa moshi, wakatalieni kwa upole na muwanunulie ndizi zao. Diski ya moto ikimwagiwa maji baridi inaweza kupinda au kupasuka. Iache ipoe yenyewe.

SWALI

Fundi, nina RAV4, ninateremka Nguba kila siku asubuhi. Nyawera kuna plaketi za dola 10 na kuna za dola 35, zote zina boksi zuri na zote wanasema ni za asili. Tofauti ni nini, au ni kulipia jina?

*Kijana wa benki*

JIBU

Ndugu, boksi usilisome. Toa plaketi, igeuze, tazama ubavu au mgongo wake. Nyingi zina msururu wa herufi na tarakimu, na mwishoni herufi mbili zimekaa pamoja: EE, FF, FG, GG. Herufi ya kwanza ni mshiko ikiwa baridi, ya pili ni mshiko ikiwa moto. E ni kati ya 0.25 na 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Kwa mtu wa Nguba FF inatosha kabisa. Ninachokiogopa ni zile ambazo herufi ya pili iko chini ya ile ya kwanza, kwa mfano FE: zinakupenda asubuhi, zinakukana mlimani. Alama nyingine ni herufi E ndani ya duara na namba yenye 90R, ni ya kanuni ya Ulaya, inamaanisha plaketi imepimwa ikilinganishwa na ile ya kiwandani.

Najua utaniambia: na wanaoghushi hawawezi kugonga herufi? Wanaweza. Kwa hiyo mimi naongeza macho. Plaketi ya hovyo mara nyingi ina rangi iliyomwagika hadi kwenye uso wa kushika, kingo zinamomonyoka ukizikwaruza kwa ufunguo, na bamba la chuma la nyuma lina kutu chini ya rangi. Niliwahi kufungua gari iliyokuja ikipiga kelele nikakuta uso wa plaketi umebanduka mzima kutoka kwenye bamba lake, chuma kinasugua diski. Mwenye gari alikuwa ameokoa dola 20. Diski mbili zilimgharimu 90.

Ukishafunga mpya, usikimbilie kuzipa mtihani. Tafuta barabara tupu, nenda kilomita 50 kwa saa, punguza hadi 10 kwa mkanyago wa wastani, endelea kidogo zipoe, rudia mara kumi hivi. Usisimame kabisa ukizibana zikiwa moto. Ukiruka hatua hii, siku tatu za kwanza utasema fundi amekuibia.

Na plaketi za mashindano ambazo mwenzako ameagiza kwa intaneti, mwachie mwenyewe. Zile zimetengenezwa kwa diski zinazowaka. Saa moja asubuhi, na ukungu wa ziwa, zitashika vibaya kuliko zako za 35.

SWALI

Papa, mimi ni motari wa Kadutu. Moto (pikipiki) yangu ina tamburi, breki za ngoma, mbele na nyuma. Wenzangu wanasema niweke diski mbele ndiyo nitasimama vizuri kwenye mvua. Ni kweli ama?

*Motari*

JIBU

Kijana wangu, kwa upande wa mvua wenzako hawakudanganya: diski inakauka kwa mizunguko michache, tamburi ikiingiwa na maji inachukua muda mpaka ikauke. Ila hauwezi kufunga diski peke yake. Unahitaji miguu ya mbele yenye mahali pa kushikia etrie, na kitovu cha gurudumu chake, na mpini wenye pampu. Ukivipata vyote vya moto ya aina yako, na si vya kuchomelea, sawa.

Lakini nikuulize: hiyo ya mbele uliyo nayo unaitumia? Nusu ya motari wanaokuja kwangu kebo ya mbele imelegea kabisa, wengine wameitoa, kwa sababu mtu aliwaambia breki ya mbele inapindua. Inapindua ukiibana kwa ghafla kwenye mchanga au ukiwa umekata kona. Ukinyooka na ukaibana polepole kisha kwa nguvu, ndiyo inayokusimamisha, kwa sababu unapopunguza mwendo uzito mwingi wa moto na abiria wako wawili unahamia mbele. Ya nyuma peke yake, kwenye kushuka kutoka Kadutu, ni kuomba.

Kwa hiyo kabla ya diski: kebo mpya mbele, itiwe grisi ndani, kwenye mpini uache mchezo mdogo tu. Nyuma pedali icheze sentimita mbili hadi tatu kabla ya kushika. Tazama na mkono mdogo wa chuma unaotoka kwenye tamburi: unapokanyaga, wenyewe na fito yake vikutane kama kona ya meza. Ukiona umeshapita kona hiyo, liningi (vipande vya kushika ndani ya tamburi) zimekwisha, na kukaza nati hakutakusaidia tena. Unapofungua tamburi kusafisha, usipulize vumbi lile kwa mdomo kama wanavyofanya vijana pale barabarani. Liningi nyingine za zamani zina amianti, nyuzi za madini zinazodhuru mapafu. Lifute kwa kitambaa kilicholowa, kitambaa ukitupe.